Darasa la kuongea Kiingereza Sinza: 60,000 ya mwezi inalipa, ila Jumamosi kaa nyumbani

Watu wa ofisini wananiuliza kila siku hivi lile darasa la ung'eng'e unalokimbilia jioni lina maana yoyote au unachoma hela tu, basi naandika hapa mara moja nimalize, anayetaka asome.

Kituo kiko Sinza, Dar es Salaam, ghorofa ya kwanza juu ya steshenari, chumba kimoja kikubwa, viti vya plastiki, ubao mweupe, feni mbili ambazo moja ni pambo. Jina sitaji, maana huko mbele nitalalamika na wenyewe ni watu wazuri, na isitoshe vituo vya namna hii mjini vimejaa, ukijua cha kuangalia utachagua mwenyewe. Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu jioni mpaka saa mbili usiku. 60,000 kwa mwezi, fomu 10,000 unalipa mara moja. Kitabu hakuna, mtihani hakuna, ukija na daftari lako la tenses ticha anakwambia liweke kwenye begi. Kazi ni kuongea tu, na mnaongea vitu vya kawaida kabisa: kodi ya nyumba, foleni ya Ubungo, michango ya harusi, umeme wa LUKU kuisha usiku, mtoto kuumwa, Simba na Yanga.

Najua wapo watakaosema aah hizo mada za darasa la tano, mimi nina digrii. Sawa, hata mimi ninayo. Nasoma mkataba wa kurasa arobaini na naona ulipo mtego, imeili naandika mpaka bosi anazifowadi kama mfano, lakini weka kikao cha Zoom na wenzetu wa Nairobi nageuka bubu, nachati tu kwenye kile kiboksi cha pembeni "noted, thanks". Na siko peke yangu, ofisi nzima tuko hivyo. Wala si muujiza, shule ya msingi ya serikali unasoma miaka saba kwa Kiswahili, kidato cha kwanza unaamka unakuta baiolojia, jiografia, hesabu, kila kitu kimombo, sasa mtoto atafanya nini zaidi ya kukariri notisi? Unamaliza kidato cha sita unaweza kuieleza photosynthesis kwenye karatasi mpaka mwalimu akupe tiki kubwa, ila hujawahi hata siku moja kumwambia mtu kwa Kiingereza kwamba bomba la jikoni linavuja na fundi amekula hela kapotea. Mkenya mwenzako toka darasa la nne anafundishwa kwa Kiingereza, halafu akitoka shule anakikuta benki, ofisini, kila mahali, ndo maana kikaoni anakuacha mbali. Mkikaa mkaongea mambo ya mzigo bandarini unaona kabisa unamzidi kazi, ila mdomo ndo wenye mashindano.

Kwa hiyo hizi mada ndogo ndogo ndo pengo lenyewe. Mada kubwa tunazo.

Sasa kwa nini hili darasa na sio mengine. Nimeshapita vituo vingine mjini na shida ilikuwa ile ile, ticha anaongea, nyie mnatikisa kichwa. Piga hesabu mwenyewe, darasa la watu 12, dakika 90, ticha akichukua nusu zinabaki 45, gawa kwa watu 12, hazifiki hata dakika nne kwa kichwa, na hapo bado kuna yule mmoja anayependa kusikika anakula na za wenzie. Yaani umepanda daladala mbili, umelipa hela, umeenda kuongea dakika tatu. Hapa unaingia tu unakalishwa na mtu, wawili wawili, kwa hiyo muda wote nusu ya chumba midomo iko wazi, kelele ni kama stendi ya Magufuli siku za sikukuu. Mwanzoni inachosha. Ukizoea ndo unaona raha yake, hakuna anayekusikiliza zaidi ya huyo mmoja, aibu inapungua sana.

Kitu wanachokifanya karibu kila Alhamisi wanakiita nne-tatu-mbili. Unapewa mada, unamweleza mwenzako dakika nne, yeye anasikiliza tu haruhusiwi kukukatiza. Mnahama viti, stori ile ile unampa mtu mwingine kwa dakika tatu, mnahama tena, wa tatu unampa kwa dakika mbili. Nilidhani ni ubunifu wa ticha, nikaja kuitafuta nikaona ni mbinu ya siku nyingi, Keith Maurice aliiandika mwaka 1983 na aliyeitangaza zaidi ni Paul Nation wa Chuo Kikuu cha Victoria pale Wellington, New Zealand. Ujanja wake ni kwamba raundi ya pili stori unayo tayari, hutafuti tena cha kusema, akili inabaki na kazi moja ya kutafuta maneno, halafu muda unakubana kwa hiyo zile "eeeh... what... eeeh" hazina nafasi. Na kwa sababu msikilizaji ni mpya hujisikii mjinga kurudia.

Niwape mfano niliouona kwa macho. Mada ilikuwa safari ya kutoka nyumbani mpaka kazini, nimekaa na jamaa mmoja wa ghala huko Vingunguti, mtu mpole sana. Anaanza, "Every day I wake up at eleven." Kimya. Namwangalia, nashangaa kazi gani hiyo, kumbe ni saa kumi na moja alfajiri kaibeba ilivyo. Kafika kwenye daladala, anataka kusema konda alimng'ang'ania chenji, kakwama hapo dakika nzima, anazungusha mkono hewani, "the conductor... he... my chenji... he is refusing with my chenji", muda ukaisha hata Tazara hajafika. Raundi ya tatu nikamsikia kwa mbali akiwa na mtu mwingine: "I wake up at five. I give him one thousand, he gives me one hundred. I say boss, where is my three hundred? He say tomorrow. I don't know him tomorrow!" Yule dada aliyekuwa anamsikiliza alicheka mpaka akaegemea ukuta. Makosa yapo, ndiyo, lakini jamaa kafika kazini, kasimulia, kachekesha, dakika mbili na hajasimama. Hicho ndo nilichoenda kununua mimi.

Na ticha hakukatizi. Hilo nalipenda kuliko vyote. Anazungukazunguka na kikaratasi chake, anaandika anayoyasikia, dakika kumi za mwisho anayaweka ubaoni bila jina la mtu, mnasahihisha wote. "My husband she is in Tabora." "I hear a bad smell." "Borrow me your phone." Kila mtu anajifanya siyo yeye. Hiyo ya he na she ni ugonjwa wetu wote, Kiswahili hakitulazimishi kuchagua, kwa hiyo mdomo unachomoa inayokuja kwanza, na ticha anasema haiponi kwa kukariri sheria, inapona kwa kusimulia habari za mama yako na baba yako mara nyingi mpaka ikae. Anatuambia pia tusidanganywe kwamba hatuwezi sauti za think na this, mbona thelathini na dhambi tunatamka? Ugomvi wetu uko kwenye live na leave, ship na sheep, hapo kweli tunatoa jasho, maana sisi i ni i.

Tena anagawa misemo ya kununua muda, hii peke yake ilinirudishia hela yangu. Let me put it this way. What do you call it. Give me a second. Sorry, let me finish. Vitu vidogo lakini nilikuwa sina, nikikwama nilikuwa nanyamaza na mtu wa Nairobi anadaka mpira anaondoka nao. Juzi kwenye kikao cha kontena zilizokwama, mmoja akataka kunikatiza nikamwambia let me finish, nikamaliza, na dunia haikuanguka. Bosi wangu aliniandikia wasap baadaye "naona unakuja vizuri", hajui natoka Sinza saa mbili usiku na njaa.

Kuna mama mmoja lazima nimtaje, tunamwita Mama Vitenge, ana duka Kariakoo na anasafiri Guangzhou kuchukua mzigo. Shule aliishia la saba na hafichi. Kiingereza chake kimevunjika kila kiungo, ila haogopi mtu. Siku ya mada ya kodi alipangwa awe mwenye nyumba, na mpangaji ni kijana ametoka chuo mwaka huu, shati limepigwa pasi. Kijana kaanza, "Excuse me madam, I would like to kindly request, if it is possible, to be allowed to pay for three months instead of..." Mama kamkata, "No possible. Six month. You have, you enter. You don't have, people is waiting outside." Kijana kimya. Anatafuta sentensi nyingine ndefu, haiji. Mama kamsubiri, kamsubiri, mwisho uvumilivu ukamshinda akamwambia kwa Kiswahili, "Mwanangu, mbona unaniandikia barua? Ongea!" Darasa zima chini kwa kicheko, mama akatoa mia tano ya faini akaiweka kwenye kopo bila ubishi.

Wiki chache baadaye huyo kijana alikuwa anabishana naye bei ya kitenge kwa Kiingereza na hakuna aliyekuwa anashinda. Na mama naye kapata kitu, siku hizi anasema six months na s yake ipo. Ndo maana nasema kwenye darasa la kuongea angalia umepangwa na akina nani, wakikuchanganya na wasomi watupu mtakaa mnaombana radhi mpaka muda uishe.

Sasa nimetaja faini, tuingie kwenye malalamiko.

Kopo la faini silipendi. Ukiongea Kiswahili darasani unalipa 500. Mnakumbuka vile vibao vya "No English, No Service" kwenye mlango wa ofisi ya walimu? Vilitufundisha Kiingereza gani? Vilitufundisha kutogonga mlango. Unaumwa tumbo, huna sentensi, unarudi darasani unalala kwenye dawati. Hapa naona mtu mgeni wiki yake ya kwanza anakaa kimya, siyo kwamba hana la kusema, anaogopa neno moja litamponyoka na hana chenji. Na huyo huyo Paul Nation ambaye ticha anatumia mbinu yake ameandika kwamba lugha ya kwanza ina nafasi yake darasani, mkielewana kwanza kwa lugha yenu hata Kiingereza kinachofuata kinakuwa kizuri zaidi. Nimemwambia ticha, akacheka akasema hela za kopo zinanunua soda mwisho wa mwezi. Ni kweli soda zinakuja, baridi kabisa. Bado kopo silipendi.

Pili, kuahirisha. Umeshatoka kazini, uko kwenye mwendokasi umebanwa mlangoni, wasap inaingia "Dear learners, today no class, sorry for inconvenience". Hii imetokea zaidi ya nilivyopenda na hawafidii siku. Ukiuliza unaambiwa kwa upole, "dada angu vumilia tu, tutapanga". Hawapangi.

Tatu cheti. Wakati wa kujisajili yule binti wa mapokezi anakupa maneno matamu kuhusu cheti, ukikitaka ni 20,000 zaidi. Usinunue. Hakuna mwajiri atakayeangalia hiyo karatasi, ataongea na wewe dakika tano atajua. Anayehitaji karatasi yenye uzito afanye IELTS, ule mtihani wa Kiingereza wa kimataifa. Na hapo niseme kwa wanaojiandaa na huo mtihani, kwa upande wa kuongea hili darasa linasaidia, maana ile spiking ni dakika 11 mpaka 14 ana kwa ana na mtahini, sehemu ya kwanza anakuuliza nyumbani kwenu, kazi, unapenda nini, ndo haya haya ya Sinza, sehemu ya pili unapewa kadi na dakika moja ya kujiandaa kisha unaongea peke yako mpaka dakika mbili. Mtu aliyezoea nne-tatu-mbili hiyo haimtishi. Ya tatu ndo wanaingia mambo mazito ya kujenga hoja, hapo darasa hili halikufikishi, na kuandika hawagusi kabisa.

Nne, na hii ndo kubwa, Jumamosi. Wana kitu wanakiita English Club, 5,000 mlangoni, bango limeandikwa kwa rangi nyekundu TALK WITH A NATIVE SPEAKER. Jamani. Nilikwenda nikakuta watu zaidi ya thelathini kwenye chumba kile kile chenye feni moja, grosari ya chini imefungulia singeli mpaka viti vinatetemeka, na mbele kasimama kijana wa Kizungu wa kujitolea, mstaarabu kwelikweli lakini hajawahi kufundisha, anaongea mbio, anauliza "any questions?" na chumba kizima kinatazama sakafu. Waliouliza ni wale wale wanne wanaojua tayari. Waliobaki tulisubiri picha. Mwisho wa kipindi foleni ya selfi ilikuwa ndefu kuliko maongezi yote ya siku hiyo. Simlaumu kijana, aliyempanga hivyo ndo wa kulaumiwa, wangeweka watu wawili wawili kama Jumanne halafu yeye apite meza kwa meza ingekuwa hadithi nyingine. Na kwani ni nani aliyesema lazima uongee na Mzungu ndo ulimi ufunguke? Mimi wa kunishinda kikaoni ni Mkikuyu, na anayemsumbua Mama Vitenge ni Mchina, wote hao Kiingereza ni cha kujifunza kama sisi.

Wengine mtasema kwa nini nilipe wakati simu ninayo. Ni swali zuri. Mimi asubuhi kwenye gari nasikiliza 6 Minute English ya BBC, bure, watangazaji wawili wanapiga stori ya kawaida dakika sita hivi, wanaanza na swali jibu linakuja mwisho, na katikati wanakupa maneno sita mapya, maandishi yake yako kwenye tovuti yao unasoma huku unasikiliza. BBC wanafundisha Kiingereza kwa redio toka 1943, wanajua wanachofanya. Naichukua mada ya asubuhi naenda kuibishia jioni, inanisaidia sana masikio. Ila redio haikujibu. Zile programu za akili mnemba za kuongea nazo kwenye simu nazo nimejaribu, hazikuchoki, hazikucheki, saa sita usiku zipo, kwa mtu mwenye aibu ni pa kuanzia pazuri. Tatizo langu nazo ni upole wao, zinanielewa hata nikiharibu sentensi nzima, zinanisubiri, hazinikatizi na bei haziibishii. Mtu wa kweli anakunja uso. Ule uso uliokunjwa ndo unakufanya utafute neno lingine haraka, na huo ndo mchezo wenyewe kikaoni. Halafu zinakula bando.

Kama unaanza kabisa, yaani hata "my name is" inakutoa jasho, usije hapa kwanza, utalipia kukaa kimya, tafuta darasa la msingi miezi miwili mitatu ndo uje. Kama unataka kufaulu mtihani wa form four, siyo hapa. Hapa ni pa watu wa aina yetu, Kiingereza kimejaa kichwani kimegoma kushuka mdomoni.

Mimi mwezi ujao nalipia tena Jumanne na Alhamisi. Ukitaka kujiunga wahi tarehe 25 hivi kabla mishahara haijatoka maana kundi la Jumanne linajaa haraka, dai risiti ya mkono siyo tu ujumbe wa simu, chukua kiti cha upande wa dirisha la barabarani, upande wa pili harufu ya kitimoto ya grosari inapanda yote juu na hamtaongea lolote zaidi ya njaa, na beba mia tano mbili tatu za chenji, utazihitaji.